Mwaka wa Kusema Sijaelewa

Mwaka ule darasa langu la kidato cha tatu lilikuwa na marubani kumi na tisa. Najua kwa sababu niliwahesabu mwenyewe, wiki ya kwanza ya Januari, nikiwa nimekaa kwenye meza ya chumba cha walimu na rundo la fomu mbele yangu, jasho likinitiririka mgongoni. Madaktari walikuwa kumi na sita, wanasheria saba, na marais wawili waliokaa dawati moja, sijui wangegawanaje nchi. Waliobaki walikuwa wameandika "kufaulu kwa kiwango cha juu kabisa na kumcha Mungu". Hakuna hata mmoja aliyetaka kuvua samaki, kulima mananasi wala kufundisha Jiografia. Hilo la mwisho sikulishangaa, kwa kuwa mwalimu wa Jiografia walikuwa wanamwona kila siku.

Fomu zenyewe ziliitwa Malengo Halisi ya Mwaka Mpya. Mkuu wetu wa shule alikwenda semina mwezi wa Desemba, akarudi Bagamoyo na begi jipya, kalamu mbili na wazo. Wazo lilikuwa kwamba kila mwanafunzi aandike lengo lake binafsi la mwaka, lengo halisi ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifikia, mzazi atie saini, kisha fomu zibandikwe ukutani darasani ili kila anayeingia azione. Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye mwalimu wa malezi. Na mwalimu wa malezi nilikuwa kwa sababu siku ya kugawana majukumu nilikuwa Chalinze kwenye msiba wa baba mdogo. Ukikosa kikao cha walimu usishangae kurudi ukiwa na cheo.

Mkuu alitueleza habari ya fomu hizo kwa saa nzima. Kulikuwa na viashiria, matokeo tarajiwa, na kitu fulani kilichoitwa ufuatiliaji shirikishi. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta, akauliza, "Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja!" tukaitikia. Mwalimu wa Kemia, aliyekuwa amesinzia tangu mwanzo, aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Nilitoka pale bila kujua kiashiria ni mnyama gani, na hadi leo ninapoandika haya sijamuuliza mtu.

Basi nikarudi darasani kwa marubani wangu. Nikamsimamisha mmoja wa dawati la mbele.

"Umewahi kuiona ndege kwa karibu?"

"Sijawahi, madam."

"Sasa kwa nini unataka kuwa rubani?"

Akanitazama kama mtu anayehisi anategwa. "Shule ya msingi tulikuwa tunajibu hivyo, madam. Tukijibu tunapigiwa makofi."

Nikashika chaki. Nikawaambia lengo halisi ni dogo, ni lako mwenyewe si la jirani, na ikifika Desemba unaweza kujipima bila kumuuliza mtu. Nikaona nyuso zimeganda, nikatoa mfano. Nikaandika ubaoni kwamba mimi, madam wao, mwaka huu nitapunguza sukari kwenye chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Wakacheka, nami nikafurahi kwamba somo limeingia.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Hiyo "ndiyo" inahitaji maelezo kidogo kwa ambaye hakusoma shule kama zetu. Mwalimu akimaliza kufundisha huuliza kama wameelewa, na darasa zima huitikia kwa sauti moja ya kuvuta, wenye akili na wasio nazo, walio macho na waliolala. Si jibu. Maana yake ni kwamba kipindi kimekwisha, funga kitabu, nenda zako salama. Masomo yetu ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao wanakutana nayo mlangoni wakiingia kidato cha kwanza. Mwalimu anaweza kuongea dakika themanini bila kuacha kitu kichwani mwa mtu yeyote, lakini ndiyo yake ataipata. Mimi mwenyewe niliiitikia miaka yote ya sekondari, nikaiitikia chuoni, kisha nikaajiriwa na kuanza kuipokea. Siku isipokuja vizuri nilikuwa nairudisha darasani: "Sijasikia, mmeelewa?" Wakaongeza sauti, nikaridhika.

Fomu za pili zilikuja baada ya siku mbili. Wanafunzi thelathini na wanne walikuwa wamejiwekea lengo la kupunguza sukari kwenye chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Nilimwita mvulana mmoja ambaye najua kwao hali ni ngumu, nikamuuliza nyumbani wanatumia sukari kiasi gani.

"Kwetu asubuhi tunakula kiporo, madam. Chai hatunywi."

"Sasa hii sukari?"

"Nimefuata ubao."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikakasirika, halafu nikaona aibu, yote hayo kabla ya chai ya saa nne. Ndipo nilipoifikia fomu ya msichana wa dawati la tatu karibu na dirisha. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umelala kushoto. Kwenye nafasi ya lengo aliandika: Nikiwa sijaelewa, nitasema sijaelewa. Kwenye nafasi ya kipimo: Mara moja kila wiki.

Nilikuwa simjui vizuri. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mtoto wa wakulima wa ufuta wa Mkange, na alikaa hapa mjini kwa mama yake mkubwa, anayekaanga mihogo na samaki mbele ya nyumba yake. Nikamwita nimsikie.

"Kidato cha pili, Kemia niliitikia ndiyo mwaka mzima, madam," akaniambia. "Kwenye mtihani nikapata kumi na nane."

Alikuwa amebaki mchepuo wa sayansi kwa huruma na kwa sharti. Mkuu alimwambia mtihani wa Juni avuke thelathini katika Kemia, asipovuka anahamia sanaa, hakuna mjadala. Nikamuuliza sayansi ameing'ang'ania ya nini. Akasema anataka kuwa mkunga. Zahanati ya kwao ilikuwa na mkunga mmoja tu, na mkunga huyo akisafiri, wanawake wanabebwa kwenye pikipiki hadi atakapopatikana mwingine. Bila Kemia chuo cha uuguzi hawampokei.

"Mbona ukunga hukuuandika kwenye fomu?"

"Ulisema liwe dogo, madam."

Nilijivuna, sitaficha. Kati ya watu sitini na mmoja, mmoja alikuwa amenielewa. Jumatatu nikaisoma fomu yake mstarini mbele ya shule nzima. Mkuu akapanda kwenye kijukwaa, akaiinua ile karatasi juu. "Hili ndilo lengo halisi!" akasema. "Mwanafunzi jasiri, asiyeogopa kusema hajaelewa! Kila mmoja awe kama huyu! Mmeelewa?"

"Ndiyooo!" shule nzima ikaitikia. Tukampigia yule msichana makofi matatu ya pamoja.

Wa kwanza kuonja ujasiri huo nilikuwa mimi. Nilikuwa nafundisha mito ya barafu, ile inayoshuka milimani polepole na kuchonga mabonde. Kwa wanafunzi wetu barafu ni ile ya ubuyu inayouzwa kwenye kifuko cha plastiki, unang'ata kona na kunyonya. Lakini mada ipo kwenye muhtasari, nami nilikuwa nimeifundisha miaka kumi na moja bila tatizo. Nikachora mlima, nikachora mishale inayoshuka, nikauliza kama wameelewa, ndiyo ikaja. Ilipotulia, sauti moja ikabaki nyuma yake.

"Mimi sijaelewa, madam."

Damu ilinipanda. Nilihisi nimevuliwa kilemba mbele za watu. "Hujaelewa nini?"

"Barafu inatembeaje na yenyewe ni kitu kigumu?"

"Kwa sababu ya uzito wake."

Akafikiri. "Jiwe nalo zito, madam. Mbona halitembei?"

Miaka kumi na moja, na hakuna hata siku moja nilipojiuliza jambo hilo. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho, nikakusanya vitabu vyangu kabla ya wakati na kutoka.

Nyumbani nikafungua kitabu. Kitabu kilisema barafu inatembea. Nikafungua kingine, kikasema vilevile kwa maneno marefu zaidi. Kesho yake nikiwa soko la samaki nanunua vibua, nikaona pande la barafu limewekwa juu ya kizimba cha saruji kilichoinama kidogo. Chini yake maji yalikuwa yanachuruzika, na lile pande lilikuwa linateleza lenyewe, taratibu, huku limebeba magamba na mchanga. Muuza samaki alikuwa analirudisha kwa kiwiko na kulilaani. Nikasimama kulitazama, nikasahau vibua.

"Dada, unanunua au unaaga?" akaniuliza, kana kwamba nimesimama mbele ya jeneza.

Nikanunua vibua na kipande cha barafu. Darasani niliinamisha meza, nikatandaza mchanga, nikaiweka barafu juu yake, tukakaa kuisubiri kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani. Ilipoanza kusogea na kukwangua mchanga, darasa lilipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Mikono mitatu ikanyooka kuuliza maswali. Ya kweli, si ya "madam naomba kutoka nje". Hicho ndicho kipindi bora nilichowahi kufundisha, na sikukifanya kwa akili yangu. Nalisema hilo mapema ili nikifika mbele mtu asinitetee kwamba sikujua thamani ya yule mtoto. Nilijua vizuri sana.

Kwa wenzangu mambo hayakwenda hivyo. Mwalimu wa Kemia alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko watoto wake: kumaliza muhtasari mapema kuliko walimu wote wa sayansi tuliowajua. Alifundisha kama mtu anayekimbizana na basi la Chalinze. Asubuhi moja akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Madam, yule binti yako."

Ghafla alikuwa binti yangu.

"Nimefundisha hesabu za mole. Nimeuliza, wamesema wameelewa. Yeye anasema hapana. Sasa nikuulize, nani mkweli, watu sitini au mtu mmoja?"

"Lakini ndilo lengo lake, mwalimu."

"Lengo lake ni mara moja kwa wiki, nimelisoma pale ukutani. Kwangu wiki hii amesema mara mbili. Amevuka lengo. Tena sasa na wenzake wawili wameanza. Tukienda hivi Agosti itafika mimi bado nipo kwenye mole."

Malalamiko yakafika kwa Mkuu, naye, badala ya kumwambia mwalimu arudie mada, alimwita mlezi wa msichana. Mama mkubwa wake akaja na kanga zake mbili, unga wa ngano ukiwa bado kwenye kucha. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mmoja mmoja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, tumekuita kuhusu binti yako," Mkuu akaanza. "Anawasumbua walimu."

"Anawasumbua kwa lipi, mwalimu? Katukana mtu?"

"Hapana, hajatukana."

"Kaiba?"

"Wala. Anasema hajaelewa."

"Na kaelewa?"

Mkuu akamtazama mwalimu wa Kemia. Mwalimu wa Kemia akatazama dari. "Inaonekana hajaelewa," Mkuu akasema.

"Basi mwanangu kasema kweli. Mmeniita niache mafuta jikoni nije kuambiwa mwanangu msema kweli?"

"Mama, kuna utaratibu wake. Kuna namna ya kusema."

"Namna gani hiyo, mwalimu? Karatasi si nyie wenyewe mliniletea nitie saini? Imeandikwa atasema. Mie nimetia saini." Akajifunga kanga yake vizuri. "Kama hamna jingine, naomba niwahi, samaki wataungua."

Nilitamani kumkumbatia. Badala yake nikamfungulia mlango.

Mwezi wa Machi tukaambiwa kuna wageni wanakuja kutoka juu. Juu ya wapi hatukuelezwa, lakini Mkuu alipaka chokaa mawe yote ya njia ya kuingilia, na hata mawe mawili ambayo hayakuwa ya njia. Wageni wangekaa kwenye kipindi kimoja cha kidato cha tatu, na kipindi chenyewe kilikuwa Kemia. Wiki nzima darasa likafanyishwa mazoezi. Mwalimu akiuliza swali wote wanyooshe mikono, anayejua jibu wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili mwalimu ajue wa kumchagua. Marubani wangu waliushika mpango huo haraka kuliko kitu chochote tulichowahi kuwafundisha.

Mkuu akaniita pembeni. "Madam, zungumza na yule binti. Wewe anakusikia. Siku moja tu aliweke lengo lake kando."

Ningeweza kukataa. Hakunitishia, hakunipandishia sauti. Aliniomba kistaarabu tu, na mimi sijajifunza kumkatalia mtu anayeniomba kistaarabu akiwa ndiye anayejaza fomu yangu ya kupandishwa daraja. Nikamkuta msichana mapumzikoni kwenye kibaraza cha stoo.

"Wageni wakija, usiseme kitu," nikamwambia. "Sikuambii useme uongo. Nyamaza tu, waache wenzako waitikie."

"Siku hiyo ni mole, madam?"

"Ni mole."

"Mwalimu amesema akimaliza kipindi cha wageni mada ameifunga. Hairudii tena mpaka mtihani."

"Nitamwomba akueleze peke yako baadaye. Nitamfuata mimi mwenyewe."

Nilikuwa naamini ninachosema. Alinitazama kidogo, akakubali, akanishukuru.

Wageni walikuwa watatu, na kiongozi wao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole, mwenye kutembea haraka. Mimi nilisimama nyuma ya darasa pamoja na Mkuu. Mwalimu wa Kemia alifundisha vizuri sana, yaani kwa sauti na kwa rangi tatu za chaki. Kila alipouliza ilinyooka mikono sitini na mmoja, ya kulia na ya kushoto, ikawa kama watu wanaoaga meli. Mwishoni akaandika hesabu ya mwisho ubaoni na kuiacha bila jibu, eti ya kufanyia nyumbani, akauliza kama wameelewa, nayo ndiyo ikatoka imenyooka na kupigwa pasi. Midomo ya msichana wangu haikusogea. Nikashusha pumzi.

Mama mgeni akasimama kutushukuru. Halafu macho yake yakaenda ukutani, kwenye fomu zetu, akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine.

"Hapa kwenu kuna tatizo la kisukari?" akauliza.

"Hapana, mheshimiwa," Mkuu akasema.

"Naona watoto wengi wanapunguza sukari." Akaendelea kusoma, akafika mahali akasimama. Akavua miwani, akaivaa tena. "Nikiwa sijaelewa, nitasema sijaelewa. Hili limeandikwa na nani?"

Msichana akasimama.

"Binti, nimezunguka shule nyingi, sijaona lengo zuri kama hili. Hongera sana. Haya niambie, leo umeelewa?"

Mwalimu wa Kemia alikuwa mbele yake, mgeni alikuwa ubavuni pake, lakini yule mtoto aligeuka nyuma kabisa, akanitazama mimi. Alikuwa ananiuliza. Mbele ya watu wote wale alikuwa ananiuliza afanye nini, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia anyamaze, na sasa kunyamaza hakukuwezekana. Mkuu alikuwa bega kwa bega na mimi, nikasikia anavyovuta pumzi.

Nikaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

"Nimeelewa, madam," akamwambia mgeni.

"Vizuri sana. Basi njoo utufanyie ile ya mwisho pale."

Akaenda. Akapokea chaki, akaandika namba ya swali, akapiga mstari chini yake kwa uangalifu mkubwa. Akaandika alama ya sawasawa. Akabaki hapo. Tulisikia mbuzi nje. Mama mgeni alisubiri kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya kuliko chochote, kwa sababu uliendelea na kuendelea huku mabega ya yule mtoto yakizidi kushuka.

"Basi, rudi ukakae," mgeni akasema hatimaye. "Binti yangu, si ungesema tu kama ulivyoandika? Ukutani unatuambia hivi, mdomoni unatuambia vile." Akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Huyu ndiye huwa anatusumbua kidogo," mwalimu wa Kemia akasema, na Mkuu akacheka kicheko cha kumaliza mambo.

Nilikuwa na maneno matatu ya kusema: ni mimi niliyemwambia. Nilikuwa nayo mdomoni, yamekamilika, na mgeni alikuwa mtu wa kuyasikiliza. Nikatazama viatu vyangu mpaka wote walipotoka.

Taarifa yao ilipokuja, Mkuu alitusomea kikaoni kwa furaha. Tulisifiwa kwa ukuta wa malengo. Tulishauriwa jambo moja tu, kwamba baadhi ya wanafunzi waelekezwe umuhimu wa kuwa wakweli. Mkuu akasema ushauri umepokelewa, akaagiza ile fomu ibanduliwe isije ikatuletea maneno tena, akauliza kama tuko pamoja. Tukasema tuko pamoja. Na mimi nilisema.

Nitaje kabisa habari ya Juni, asije mtu akakaa kusubiri muujiza. Mwalimu wa Kemia nilimfuata mara mbili kumwomba amrudishie yule msichana ile mada, akaniambia muda hana, na mara ya tatu sikwenda. Msichana alipata ishirini na sita. Julai akahamia sanaa, na ukunga ukaishia hapo.

Lakini mimi siumizwi kichwa na Juni. Kinachonirudia ni mchana uleule wa wageni. Walikuwa ofisini wanakula pilau, na wanafunzi walikuwa wamekwenda kupanga foleni ya makande. Nikarudi darasani kimya kimya. Nilimkuta peke yake, amesimama mbele ya ubao, ananakili ile hesabu kwenye daftari kabla mtu hajaifuta.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

"Haidhuru, madam." Akaendelea kuandika mpaka akamaliza mstari. Kisha akageuka. "Madam, kwani wewe ile hesabu uliielewa?"

"Mimi ni wa Jiografia."

"Najua, madam. Lakini uliielewa?"

Hapakuwa na mtu mwingine mle ndani. "Sikuielewa," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafunga daftari lake, akaliweka kifuani.

"Sasa mbona uliitikia kwa kichwa?"

Hakuuliza kwa hasira wala kwa kunisuta. Ningeshukuru angenisuta. Alikuwa hajaelewa, alitaka kuelewa, na alinisubiri nimjibu kama mtu anayemsubiri mwalimu wake. Nikamwambia awahi foleni, chakula kitaisha.